Mikate ya Mvuke ya Maman Mwanakombo

Maman Mwanakombo anafua mashuka. Ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na nne huu, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja nyuma ya stesheni ya Gare du Nord. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa nane mchana, anarudi kwetu Ixelles kwa basi, anapanda ngazi ghorofa tatu, anavua viatu mlangoni, ananawa, anapika. Ukimuuliza habari za Ulaya anakwambia, "Ulaya ni mashuka tu, mwanangu." Halafu anakuuliza umekula.

Kwao ni Likoni, Mombasa. Alikuja Brussels na familia moja ya ubalozi, analea watoto wao. Familia ikahamishiwa nchi nyingine, yeye akabaki, kwa sababu alikuwa ameshakutana na tonton Yusufu. Tonton ni kaka wa mama yangu, mtu wa Buyenzi kule Bujumbura. Alifika hapa mkimbizi, akapata kazi ya kusafisha mabehewa ya treni. Walikutana sokoni kwenye foleni ya samaki, maman akamwambia huyo samaki unayemshika amekufa zamani kuliko babu yako, tonton akacheka, voilà, ndoa.

Mimi ni Naïma. Nasuka nywele kwenye saluni moja ya Galerie d'Ixelles, nakaa kwao tangu nina miaka tisa. Maman hakunizaa, hakuzaa mtu yeyote, na wewe ukilisema hilo mbele yangu tutagombana. Mimi hasira ziko karibu, najua. Lakini hapa nataka kumsema yeye, na ile wiki ya mikate.

Mwezi wa pili tonton alipasuliwa moyo. Alirudi nyumbani salama, kovu kifuani kama zipu ya koti. Tatizo likawa chakula. Pale hospitali kuna mama mmoja wa lishe, Océane, kijana kijana, mpole. Alitupa karatasi yenye rangi. Kijani kula, njano kidogo, nyekundu acha. Kwenye nyekundu kulikuwa na kila kitu ambacho tonton Yusufu anakiita chakula: sambusa, mahamri, pilau ya mafuta, ngozi ya kuku, chumvi, tui la nazi. Tonton aliisoma mpaka chini, akasema, "Donc nilipona bure."

Maman akaanza kumpikia peke yake. Karoti za kuchemsha, samaki wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha, havina chumvi. Anamwekea kwenye sahani yake, anampelekea kwenye kiti chake pale dirishani. Sisi wawili tunakula jikoni, tumefunga mlango, ili asione vitu vyetu akatamani. Hata kijiko tulikuwa tunakishusha polepole. Tuliona ndiyo huruma.

Tonton hakula. Anagusa, anasukuma. "Mnanipa majani, mimi mbuzi?" Siku nyingine anafunika sahani na kitambaa. Alikuwa kilo sabini na nane kabla ya hospitali. Alipopimwa mara ya mwisho alikuwa sitini na kitu kidogo juu yake. Océane akatuita pembeni, mimi na maman, akasema, "Alhamisi ijayo nampima tena. Akiwa chini ya sitini, tunamlaza na tunamlisha kwa mpira wa puani."

Mimi nilimtafsiria maman. Kwenye basi, tulipofika kituo cha Porte de Namur, ndipo akasema, "Mpira wa puani Yusufu atauvuta autoe. Namjua."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, kwenye saluni, mteja mmoja alikuja na mikate myeupe, ya mviringo, laini, ya kupikwa kwa mvuke, kaitoa kwenye duka la Waasia. Nikamega kidogo pembeni, pale palipo unga mtupu. Nikasema hiki ndicho. Hakina mafuta ya kukaanga, si mboga, ni kitu cha kushika mkononi kama sambusa. Nikauliza ndani kuna nini. Nguruwe. Bon, basi. Tutapika wenyewe, na kuku.

Nikampelekea maman habari. Akanitazama kama nimemwambia afue shuka bila maji.

"Mkate hauokwi, haukaangwi, unatiwa mvuke?"

"Ndiyo maman. Kwenye sufuria ya kuskusi, ile ya ghorofa mbili. Chini maji, juu mikate."

"Na kuku anaiva wapi?"

"Humo humo ndani."

"Haya," akasema. "Jumapili."

Jumapili alikanda. Na maman akikanda, unga unamjua. Mikono ile imekamua mashuka ya dunia nzima. Lakini alikanda kama anavyojua yeye, yaani kama mahamri. Tui zito la nazi, sukari, hiliki, hamira. Nikamwambia maman, tui liko kwenye nyekundu. Akasema, "Kidogo." Kidogo yake ilikuwa kopo zima. Akaweka bakuli juu ya radiata ya kupasha nyumba joto, akalisahau kwa sababu shoga yake Victorine alipiga simu, na simu ya Victorine haina mwisho. Tuliporudi jikoni unga ulikuwa umepanda, umeshuka, na unanuka uchachu.

Tukaendelea hivyo hivyo. Mikate ilitoka imelala, rangi ya meno ya mvuta sigara, mizito. Nikauangusha mmoja mezani ukasema du. Tonton akauliza kutoka dirishani, "Nani anapiga msumari?"

Mimi nikaitupa yote kwenye pipa kwa hasira. Maman akaitoa pipani, akaitia kwenye mfuko wa peke yake, akafunga, akarudisha pipani taratibu. Ndivyo alivyo. Hata takataka anaikunja.

Jumatatu saluni imefungwa, na maman siku hiyo alikuwa na mapumziko. Asubuhi nikakaa na simu nikatazama wanawake kumi tofauti wanavyopika mikate hii, nikaandika nyuma ya bahasha. Tukaanza upya, safari hii mimi nasoma, yeye anafanya.

Unga nusu kilo, toa vijiko vinne, badala yake weka wanga wa mahindi, huo ndio unaufanya mkate uwe mwepesi na mweupe. Hamira kijiko kidogo, sukari kijiko kimoja cha kulisha hamira tu. Maziwa yasiyo na mafuta, ya vuguvugu, siyo tui. Mafuta kijiko kimoja, basi. Akakanda mpaka ukawa laini kama ndewe ya sikio. Hakuweka juu ya radiata tena, aliweka mezani, akafunika, akavuta kiti akakaa mbele yake, simu ameizima.

Kuku tulichukua mapaja kwa mchinjaji wetu, tukavua ngozi. Siyo kifua, kifua kinakauka. Maman akakatakata kwa kisu, hakutaka mashine, anasema mashine inatafuna kabla yako. Tangawizi, kitunguu saumu, kitunguu cha majani, pilipili manga. Kabichi aliikata nyembamba akaikamua kwenye kitambaa, maji yakatoka kikombe kizima. Akasema, "Haya maji yangelowesha mkate wote." Hiyo hakuna mwanamke wa kwenye simu aliyemfundisha. Badala ya chumvi, limau, na ganda lake kidogo la kukwaruza.

Akagawa madonge, akayasukuma, katikati nene, pembeni nyembamba, akaweka kuku, akafunga juu kwa kukunja. Mikunjo ilitoka sawasawa kama mashuka ya hoteli. Kila mkate akauweka juu ya kipande cha karatasi ya kuokea. Akaiacha ipumzike tena nusu saa.

Kwenye bahasha niliandika: mfuniko ufungwe kitambaa, ili jasho la mvuke lisidondokee mikate. Nikachukua kitambaa cha vyombo.

"Hicho kinafuta sahani," maman akasema. "Kitatia harufu ya sabuni."

"Basi kipi?"

"Ngoja. Nakupa kitu safi kuliko vyote humu ndani."

Akaenda chumbani akarudi na leso, yaani kanga yake moja. Ilikuwa safi kweli, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Akaifunga kwenye mfuniko, akafunga fundo juu, akawasha moto. Dakika kumi na tano, mtu asifunue.

Sasa, wewe kama ni mtu wa pwani umeshajua. Mimi mtoto wa Buyenzi niliyekulia Ixelles sikujua. Na yeye, aliyejua, alisahau. Kila Alhamisi jioni maman anaweka makaa kwenye chetezo, anatupia udi, anafukiza leso zake na kanzu ya tonton, tayari kwa Ijumaa. Ameshafanya hivyo miaka mingi mpaka pua yake haisikii tena. Kwake leso safi ndiyo inanuka hivyo.

Dakika ya sita, mvuke wa sufuria ukaanza kunuka. Si kuku. Nikanusa mkono wangu. Nikanusa maman.

"Maman, umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu."

Dakika ya nane nyumba nzima ilikuwa inanuka chumba cha bi harusi. Maman akashika mdomo. "Yallah," akasema. "Udi."

Alitaka kufunua. Nikamshika mkono. "Ukifunua inalala, maman! Wamesema usifunue!" Tukasimama pale wawili tukiitazama sufuria inavyonuka kama mtu anaolewa ndani. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yamewaka. Siku zimebaki tatu.

Moto ukazimwa, tukasubiri dakika tano nyingine, tukafunua. Mikate ilikuwa mizuri. Wallahi, myeupe, imejaa, ukibonyeza inarudi. Na inanuka udi.

Ndipo tonton akaja. Alisimama mlangoni pa jikoni, ameshika ukuta. Tangu arudi hospitali hakuwa ameingia jikoni hata mara moja.

"Mnapika au mnafukiza?" akauliza. "Nani anaolewa? Naïma?"

"Tonton, usinianze."

"Mimi nauliza tu. Nikamkope mtu suti."

Maman alikuwa karibu kulia, na yeye halii. "Nimeharibu, Yusufu," akasema. "Nimefunga kwa leso ya Ijumaa."

Akachukua mkate mmoja, akaupasua katikati ili aone kama kuku ameiva. Alikuwa ameiva, mvuke ukatoka. Akanipa nusu. "Onja, tujue kama wa kutupa." Tukala, pale pale wima, tonton anatutazama. Kuku alikuwa mtamu, limau limekaa vizuri. Lakini mkate wenyewe ilikuwa kama kulamba mto wa kulalia wa mtu. Mimi nilikunja uso. Maman akakunja uso. Tukatazamana tukakunja zaidi, na maman akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

Tonton akanyoosha mkono akachukua kile kipande kilichokuwa mkononi mwa maman. Kile alichokwisha kukiuma. Akala. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Hmm," akasema. "Ni kama kumla shehe wa msikiti."

Akachukua mwingine. Mzima. Akaumaliza, amesimama.

Mimi nikafungua mdomo niseme kitu, maman akanikanyaga mguu. Kwa nguvu. Nikafunga. Tonton akarudi dirishani. Mkate mmoja na nusu. Kwa wiki tatu hakuwa amekula hivyo.

Nilidhani ni udi. Jioni nikamwambia maman, "Alors, kesho tuweke tena hiyo leso." Ndio akili zangu hizo.

Maman alikuwa anakunja kile kitambaa cha vyombo. Akasema, "Si udi, Naïma. Umeona alichochukua? Sufuria imejaa mizima, yeye kachukua changu mkononi." Akakiweka kitambaa mezani. "Sisi kwetu mtu anatengewa sahani yake peke yake akiwa ana ugonjwa wa kuambukiza. Au akiwa mgeni ambaye humtaki. Miaka ishirini na moja nimekula na Yusufu kwenye sinia moja. Halafu nimemfungia mlango."

Mimi nilisema lakini maman, tulifanya kwa ajili yake. Akasema ndiyo, ndiyo maana hakuweza kutugombeza.

Jumanne alikanda tena alivyotoka kazini. Kitambaa safari hii kilikuwa kipya, kimechemshwa maji matupu, nimekinusa mimi, amekinusa yeye, tukamwita tonton naye akanusa, akasema, "Hakina dini." Mikate kumi na miwili. Maman akatoa sinia kubwa, akaiweka sebuleni chini kwenye mkeka, akaweka mikate katikati na bakuli la kachumbari ya limau. Akakaa. Mimi nikakaa. Sahani hakuna.

Tonton akaitazama ile sinia. "Nyinyi mmeshakula yenu jikoni."

"Jikoni hakuna kitu," maman akasema. "Kaangalie."

Na tonton, mtu mwenye kovu kifuani, alikwenda kweli. Tukamsikia anafunua sufuria, anafungua oveni, anafungua hata friji. Akarudi.

"Chumvi yenu mmeficha wapi?"

"Nimempa Victorine."

"Yote?"

"Mpaka ile ya mawe."

"Wewe? Mwanakombo? Unayetia chumvi kwenye chungwa?"

"Kaa ule, mwanaume, inapoa."

Akakaa. Ilimchukua muda, akishika bega langu. Lakini hakula. Akasema, "Anza wewe." Maman akala. Niliuona uso wake. Kwa mtu aliyezoea chumvi, chakula kile kilikuwa kama kusikiliza taarabu redio imezimwa. Akameza. Akachukua tena. Tonton alipoona ameuma wa pili ndio akanyoosha mkono.

"Pilipili manga imezidi," akasema na mdomo umejaa.

"Kesho utapika wewe."

"Nitapika. Na mikunjo hii mnakunja kama mnafunga maiti."

Basi wakagombana mpaka sinia ikaisha, na mimi nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza. Alikula minne. Jumatano alikula mitano, na maharage kidogo, na akataka kujua hamira inakaa wapi.

Alhamisi tukaenda watatu hospitali. Océane akampandisha kwenye mizani. Mimi nilikuwa nimekaza ngumi mfukoni, tayari kugombana na mizani. Namba ilicheza cheza, ikasimama. Sitini na moja na gramu mia mbili. Océane akaandika, akatabasamu, akasema halazwi, arudi baada ya wiki mbili. Akamuuliza maman amefanya nini, ni sosi gani amemwekea. Mimi nikatafsiri. Maman akafikiri, akasema, "Mwambie hakuna sosi. Mwambie chumvi nimeacha na mimi." Nikamwambia. Océane akaandika na hilo, sijui aliliandika kwenye rangi gani.

Wakati wa kurudi tukashuka basi kwenye uwanja wa Flagey, kwa sababu tonton alitaka kutembea kidogo. Pale uwanjani kuna kibanda cha chipsi, na upepo ulikuwa unatoka huko. Maman akapunguza mwendo. Tangu Jumatatu hakuonja chumvi, hata kazini, namjua, mtu wa kukata neno.

Tonton naye akasimama. "Nenda ununue," akamwambia. "Mimi nitakaa hapa kwenye benchi. Sitaangalia."

"Ukikaa benchi nitakula na nani?" maman akasema. "Twende. Nimeacha unga mezani, ukizidi utachacha."

Wakaondoka, maman amemshika mkono, pole pole, hatua za mtu aliyepasuliwa. Mimi nikasema nimesahau kitu saluni. Nikaenda kwenye kibanda, nikanunua koni kubwa ya chipsi, chumvi juu, nikala nimesimama, haraka, vidole vinaungua.

Nilipofika nyumbani, saa nzima baadaye, wameshakaa, sinia iko katikati, mikate inatoa mvuke. Nikajibanza nikakaa, nikanyoosha mkono nichukue.

Tonton akanishika kiganja. Akakinusa.

"Kanawe," akasema. "Halafu uje ule."